Konsoli Inasema Kitufe Kipo, Skripti Inasema Hakipo

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 19, ninaishi Morogoro, na tangu nilipomaliza kidato cha sita ninajifunza mwenyewe kutengeneza kurasa za wavuti kwa kompyuta ya mkononi aliyoniachia kaka yangu. Mama yangu anauza nafaka sokoni, na nilitaka kumtengenezea ukurasa mdogo wa hesabu: anaandika kilo za mchele na za maharage, anabonyeza kitufe cha "Hesabu", na jumla inaonekana chini. HTML, lugha ya kuandika vitu vya ukurasa, na CSS, ya kuvipamba, nimezielewa kiasi cha kujitegemea. JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa utende kazi, ndiyo iliyonikwamisha, hasa pale inapotakiwa kugusa kitu kilichomo kwenye ukurasa.

Mwanzoni niliweka skripti, yaani mistari yangu ya JavaScript, juu, ndani ya head, nikaandika hivi:

const kitufe = document.getElementById("hesabu");
kitufe.onclick = kokotoa;

Konsoli, lile dirisha la kivinjari linaloonyesha makosa na kupokea amri, ikanitolea maandishi mekundu: Cannot set properties of null. Nilisoma mahali kwamba null maana yake ni kuwa hakuna kitu kilichopatikana. Lakini nilipoandika mwenyewe document.getElementById("hesabu") kwenye konsoli hiyo hiyo, kitufe kilionekana bila tatizo lolote. Konsoli inasema kipo, skripti inasema hakipo. Nimwamini nani?

Rafiki yangu akaniambia niishushe skripti hadi mwisho wa ukurasa. Kosa likaondoka, ila jumla ikawa 0 kila mara, hata mama akiandika kilo kumi. Nilihangaika siku mbili nikibadilisha mistari bila kujua ninabadilisha nini, na hatimaye kila bidhaa ikaonyesha hesabu yake sahihi: mchele kilo 2 kwa bei ya 2,800 ukawa 5600, na maharage kilo 1 yakawa 3000. Kisha jumla ya vyote ikaandikwa 56003000. Mama aliiangalia akanyamaza.

Sasa nimeongeza jedwali la wateja wanaodaiwa. Kila mstari una kitufe cha "Futa", lakini ni kitufe cha mstari wa kwanza tu kinachofanya kazi, na nikiongeza mteja mpya hata hicho kinaacha kuitika. Masomo ninayoyafuata nayo hayakubaliani: moja linatumia getElementById, jingine querySelector, na la tatu linataja id tupu, bila chochote mbele yake, na bado linafanya kazi. Naomba usinipe mistari ya kunakili tu. Nataka kuelewa: skripti inakitambuaje kitu kilichomo kwenye ukurasa?

Binti wa Muuza Nafaka, Morogoro

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Waamini wote wawili. Skripti ilisema kweli na konsoli nayo ilisema kweli, kwa sababu ziliulizwa swali moja kwa nyakati mbili tofauti. Ukilielewa jambo hili, makosa mengine yote uliyonieleza yatakuwa mepesi, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kwa muda.

Unapotazama ukurasa wako kwenye skrini, unaona maandishi, visanduku na kitufe. Unapofungua faili lako, unaona tagi, zile alama za HTML zinazofungua na kufunga kila kitu. Skripti haioni chochote katika hivyo viwili. Inachokiona ni kitu cha tatu, ambacho kivinjari hukijenga katika kumbukumbu ya kompyuta kwa kulisoma faili lako kuanzia juu kwenda chini: mti wa elementi, yaani wa vitu vilivyomo ukurasani. Shina lake ni document, yaani hati nzima. Chini yake kuna html, ambayo ina matawi mawili, head na body. Ndani ya body kuna fomu yako, ndani ya fomu kuna visanduku vya kilo na kitufe. Kila tagi unayoifungua inakuwa tawi, na kila tagi iliyo ndani yake inakuwa tawi dogo linalotoka kwenye lile la kwanza. Mti huu unaitwa DOM, na ndio peke yake ambao JavaScript inaweza kuuliza habari zake au kuubadilisha.

Sasa zingatia kwamba mti haushuki kutoka mbinguni ukiwa mzima. Kivinjari hupanda tawi baada ya tawi kadiri kinavyosoma, na kinapokutana na tagi ya script ya kawaida husimama, huitekeleza skripti hiyo hadi mwisho, ndipo huendelea na kusoma yaliyobaki. Skripti yako ilikuwa ndani ya head. Wakati ilipouliza "yuko wapi mwenye kitambulisho (id) hesabu?", kivinjari kilikuwa hakijafika hata kwenye body. Kitufe kilikuwa kimeandikwa kwenye faili, lakini kwenye mti kilikuwa hakijaota. Ulikuwa umepiga hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe bado yuko njiani. Jibu la haki kabisa lilikuwa null. Kisha wewe ukafungua konsoli, ukaandika swali lile lile kwa vidole vyako, na kwa wakati huo ukurasa ulikuwa umekwisha kusomwa wote. Mwenye nyumba ameshafika, kwa hiyo akaitika.

Ushauri wa rafiki yako ulikuwa sahihi, na ni vizuri ujue sababu yake: skripti iliyo mwisho wa body huuliza wakati matawi yaliyo juu yake yameshapandwa. Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi siku hizi, nayo ni kuiweka skripti kwenye faili lake na kuiita kutoka head kwa neno defer:

<script src="hesabu.js" defer></script>

Neno hilo linakiagiza kivinjari kilete faili la skripti huku kikiendelea kusoma ukurasa, na kisilitekeleze mpaka mti mzima uwe tayari. Angalia tu kwamba defer haina nguvu juu ya skripti iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya ukurasa. Ni lazima kuwe na src, yaani mahali lilipo faili la skripti.

Kuna sababu nyingine za kupata null ambazo wanaoanza huzikuta kila wiki, na zote zinahusu jina. Kivinjari hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo "Hesabu" na "hesabu" ni watu wawili. Alama ya # haiwekwi ndani ya getElementById, kwa sababu kifungu hicho tayari kinajua kwamba kinatafuta kitambulisho; ukiandika "#hesabu" kitatafuta mwenye kitambulisho kinachoanza kwa alama hiyo, na hatakuwepo. Kwa querySelector mambo yanageuka: yenyewe hupokea kiteuzi, yaani maelezo ya elementi inayotafutwa, kama vile vya CSS, hivyo alama ni ya lazima. Ukiandika querySelector("hesabu") bila alama yoyote, umekiagiza kivinjari kitafute tagi inayoitwa hesabu, na tagi ya namna hiyo hujaiandika popote.

Nije kwenye ile jumla iliyokuwa 0. Hukunitumia mistari yenyewe, lakini kwa dalili ulizotaja nina hakika kubwa kwamba juu ya fanksheni yako, ile mistari inayotekelezwa kitufe kinapobonyezwa, kulikuwa na kitu kama hiki:

const kilo = document.getElementById("kilo-mchele").value;

Soma mstari huo polepole. Hadi kwenye mabano ya mwisho, umekishika kisanduku chenyewe. Neno .value lililofuata limeingiza mkono ndani ya kisanduku na kutoa kilichokuwemo wakati huo, ambacho ni utupu, kwa kuwa ukurasa umefunguka sasa hivi na mama hajaandika chochote. Kigeu chako, yaani lile jina kilo linalotunza kilichopatikana, kiliushika utupu huo, na utupu ukizidishwa kwa 2800 JavaScript huuhesabu kuwa 0. Mama anapoandika 10 baadaye, kisanduku kinabadilika, ila kigeu chako hakina habari, kwa sababu hakikushika kisanduku. Kilishika nakala ya kilichokuwemo asubuhi. Shika kisanduku nje ya fanksheni, kisha soma kilichomo ndani ya fanksheni, pale kitufe kinapobonyezwa:

const kisanduku = document.getElementById("kilo-mchele");

function kokotoa() {
  const kilo = Number(kisanduku.value);
  ...
}

Tofauti kati ya kushika elementi na kushika thamani yake ndiyo ninayowasisitizia wanafunzi wangu kuliko nyingine yoyote. Kigeu kinachoshika elementi ni kama kamba iliyofungwa kwenye tawi: tawi likisogea, kamba inasogea nalo, na ukivuta unapata hali yake ya sasa. Kigeu kinachoshika thamani ni kama namba uliyoinakili kwenye karatasi.

Umeona nimeongeza Number. Hiyo ndiyo tiba ya 56003000. Kila unachokitoa kwenye ukurasa, kiwe .value ya kisanduku au .textContent ya aya, huja kama maandishi, hata kikiwa kimeandikwa kwa tarakimu tupu na hata kisanduku kikiwa cha aina ya namba. Alama ya kuzidisha huyageuza maandishi kuwa namba yenyewe, ndiyo maana kila bidhaa ilikuwa sahihi. Alama ya kujumlisha, ikikutana na maandishi, huyaunganisha: nadhani ulizisoma tena hesabu hizo mbili kutoka ukurasani, zikarudi kuwa maandishi, na 5600 ikafuatwa na 3000. Kivinjari hakikukosea hesabu, kiliunga maneno mawili. Na kwa kuwa utapenda siku moja kuandika "Sh 5,600" ili ipendeze machoni, jua kwamba Number ikikutana na koma au herufi hutoa NaN, yaani si namba. Kwa hiyo usiisome tena hesabu kutoka kwenye ukurasa. Itunze kwenye kigeu kama namba, na ukurasani upeleke sura yake tu.

Sasa jedwali la madeni. Bila shaka umeandika id="futa" kwenye kila kitufe. Kitambulisho ni cha elementi moja peke yake katika hati nzima, kama namba ya usajili wa gari. Ukikirudia mara kumi, kivinjari hakitakugombeza. Kitauonyesha ukurasa vizuri kabisa, na getElementById itakuletea wa kwanza itakayemkuta kwenye mti na kuishia hapo. Vitufe tisa vilivyobaki havijawahi kuambiwa chochote. Kwa vitu vya namna moja tumia klasi, jina linaloweza kubebwa na elementi nyingi, class="futa", kisha uviite vyote:

const vitufe = document.querySelectorAll(".futa");

Utakachopewa si kitufe bali orodha ya vitufe, hata kama kilichopatikana ni kimoja. Hapa wengi hujikwaa kimyakimya: wanaandika vitufe.onclick = futaMteja, na konsoli haiwaambii kosa lolote, kwa kuwa kuiongezea orodha sifa mpya si kosa. Ila hakuna kitufe kilichoguswa. Ni lazima upite kwenye orodha na kukigusa kimoja kimoja.

Hata hivyo, kwa jedwali lako sikushauri upite kwenye orodha, na sababu ni lile jambo la mwisho ulilolitaja, kwamba ukiongeza mteja hata kitufe cha kwanza kinakufa. Nadhani unaongeza mstari kwa innerHTML +=. Mstari huo unaonekana kama unaongeza kitu mwishoni, lakini ukweli ni mkali zaidi: kivinjari hugeuza matawi yote ya jedwali kuwa maandishi, hubandika maandishi yako mwishoni, hung'oa matawi ya zamani, kisha hupanda mapya kutokana na maandishi hayo. Vitufe unavyoviona baada ya hapo ni vingine, vinafanana na vya kwanza kwa sura, na agizo ulilowapa wale wa zamani halikuhamia kwao. Kigeu chako bado kimeshika kamba, ila tawi lililofungwa kamba limeshang'olewa kwenye mti.

Suluhisho ni kuliachia agizo jedwali lenyewe, ambalo haling'olewi:

const jedwali = document.getElementById("madeni");

jedwali.onclick = function (tukio) {
  if (tukio.target.matches(".futa")) {
    tukio.target.closest("tr").remove();
  }
};

Mbonyezo wa kitufe hauishii kwenye kitufe. Hupanda kwenye mti kutoka tawi hadi tawi kuelekea kwenye shina, na unapopita kwenye jedwali, jedwali linaulizwa. Kifungu tukio.target ni elementi iliyobonyezwa hasa. Matches huuliza kama ina klasi ya futa. Closest hupanda kutoka hapo hadi kwenye mstari wa kwanza inaoukuta, na mstari huo ndio unaoondolewa. Angalia kwamba hapa hukumwita mtu yeyote kwa kitambulisho chake. Umemtambua kwa mahali alipo: mstari uliomzunguka huyu aliyebonyezwa. Huo nao ni utambulisho halali, na kwa majedwali ndio bora. Mteja utakayemwongeza kesho atafutika bila wewe kuandika neno la ziada.

Kuhusu kutokubaliana kwa masomo yako, chanzo chake ni umri wa masomo hayo. JavaScript ilitengenezwa mwaka 1995 na Brendan Eich alipokuwa Netscape, kampuni ya kivinjari, na katika siku hizo skripti iliweza kufikia vitu vichache tu: fomu na visanduku vyake, viungo, na baadaye picha. Mwaka 1997 Netscape 4 na Internet Explorer 4 kila kimoja kilikuja na lugha yake ya kuita vitu, hiki document.layers na kile document.all, na mtengenezaji wa kurasa alilazimika kuandika kila kitu mara mbili. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, lilitoa kiwango cha kwanza cha DOM Oktoba 1998, na getElementById imetoka kwenye mapatano hayo. Mwaka 2006 John Resig alitoa jQuery, mkusanyiko wa mistari ya JavaScript iliyo tayari kutumiwa, uliowazoesha watu kuita elementi kwa viteuzi vya CSS, na miaka michache baadaye vivinjari vyenyewe vikapata querySelector. Kwa hiyo njia zote mbili unazoziona ni sahihi. Mimi hutumia getElementById ninapotafuta kitu kimoja chenye kitambulisho, kwa sababu msomaji wa mistari yangu anajua mara moja ninachotafuta, na querySelector kwa mengine yote.

Ile ya tatu, ya kutaja id tupu, iache. Ni kweli kwamba vivinjari huifanya kila id kuwa jina linaloweza kuitwa moja kwa moja. Ni urithi wa Internet Explorer uliobakizwa ili kurasa za zamani zisivunjike. Lakini jina hilo hushindwa mara tu linapogongana na jina lililokwisha kuwepo. Kipe kisanduku cha mteja id="name", kisha andika name kwenye konsoli: hutapata kisanduku, utapata jina la dirisha la kivinjari, ambalo kwa kawaida ni maandishi matupu. Hakuna kosa litakaloandikwa kwa wino mwekundu, na utatafuta tatizo mpaka usiku.

Ninakuomba ujenge tabia moja unapofanya kazi hii. Kila unapoita elementi, kabla ya kuitumia, ichapishe: console.log(kitufe). Ukiona null, uliza wakati na uliza jina. Ukiona orodha mahali ulipotarajia kitu kimoja, rudi kwenye kifungu ulichoitia. Fanya hivyo ndani ya skripti yenyewe, usitegemee kuandika kwenye konsoli baadaye, maana umeshaona kwamba konsoli huulizwa wakati mwingine na hujibu mengine.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia kwa sababu linagusa fedha za mama yako. Mstari unaoufuta au kuuongeza unabadilika kwenye mti tu. Faili lako halijaguswa. Ukurasa ukifungwa na kufunguliwa tena, kivinjari hulisoma faili lile lile na kupanda mti upya: mteja aliyelipa atarudi kudaiwa, na mteja mpya mwenye deni atatoweka. Hatua yako inayofuata ni kujifunza localStorage, ambayo huhifadhi maandishi ndani ya kivinjari na kuyarudisha ukurasa unapofunguliwa. Hata hiyo hukaa kwenye kivinjari cha kompyuta hiyo moja, na hupotea mtu akifuta data za kivinjari. Kwa hiyo ukurasa wa hesabu mpe mama autumie hata leo. Madeni aendelee kuyaandika kwenye daftari lake mpaka utakapokuwa umeufunga ukurasa, umeuzima mtambo, umeuwasha tena, na kuyakuta majina yote na kiasi cha kila mmoja kama ulivyoyaacha.